Pishi Kumi na Moja

Kilikuwa chepesi kuliko konyo.
Naapa, mie ninayejua uzito,
mie ninayetia vidole guniani
nikasema "hizi zina unyevu, zirudi juani",
nilikiweka kijifuko kile kiganjani
nikacheka.

Asaa alikileta kutoka Nungwi, hotelini kwao,
kikopo cha duara, kifuniko cha buluu,
na tarakimu moja niliyoielewa: ishirini.
Ishirini ya nini, sikuuliza.
"Hiki hakina moshi, shemegi. Hutemi, hunuki.
Kipachike juu ya ufizi, ukisahau."
Sigara nilikwisha kuziacha tangu Ramadhani,
na ugoro wa marehemu baba sikuuweza kamwe.
Lakini hiki! Mto wa kulalia sisimizi.

Saa kumi, Mtambwe, msimu umepamba moto.
Wachumaji wanateremka na mapakacha,
wameshachambua, vidole vyeusi,
wanapanga foleni mbele ya pishi langu.
Nikakipachika.

Ufizi ukawaka.
Si kitu, nikasema, karafuu nayo huwasha,
nani Pemba hajaiuma kwa jino bovu?
Halafu kwikwi.
Ya kwanza nikaimeza.
Ya pili ikanikata katikati ya "nne".
"Mpimaji anatajwa kwao," akasema kijana nyuma,
watu wakacheka, nami nikacheka,
nikasingizia njaa, mhogo wa asubuhi umeshakwisha.

Mate yakajaa. Nikameza,
na hapo ndipo nilipokosea:
kila funda lilishuka na moto wake
likakaa chini ya chembe cha moyo, likigeuka.
Jasho likanitoka, jasho la baridi,
la mtu aliyeitwa kituoni bila kuambiwa kosa.
Jua, nikasema. Jua tu.
Moyo ukawa unapiga hesabu zake wenyewe,
mbio kuliko zangu.
Tano. Sita. Sita tena?

"Kumi na moja," nikamwambia Bi Zuwena, nikaandika.
Hakuondoka.
Ana deni la duka, ana mguu unaomvimba kila jioni,
ana wajukuu wanaongoja unga,
na hakuondoka.
"Tisa," akasema.
"Nimekuandikia kumi na moja."
"Nami nimechuma tisa. Mikono ni yangu.
Na wewe rangi imekukimbia, midomo majivu matupu.
Hicho ulichokificha, kitoe."

Nikakitoa.
Kikakaa juu ya kipande cha gazeti,
cheupe, kimelowa, bado hakina uzito.
Nikasukutua kwa maji ya dumu, mara tatu,
nikaenda nyuma ya mkarafuu kutapika
kwa adabu, kadiri nilivyoweza,
kisha nikakaa juu ya gunia, kichwa kati ya magoti,
nikingoja ardhi itulie.
Bi Zuwena akalishika pishi mwenyewe,
akawapimia wenzake akihesabu kwa sauti.
Hakuna aliyebisha.

Usiku Asaa akapiga simu.
"Vipi, kimekukaa?"
"Kimenizidi."
"Aa, utazoea tu."

Labda. Mtu huzoea.
Baba aliuzoea ugoro hata mchuzi ukapoteza ladha,
akawa anamlaumu mama kwa chumvi.
Lakini mie nilikuwa na mashahidi, mmoja mmoja,
ufizi, kwikwi, mate, jasho,
wote walikuja barazani kwangu wakasema kweli,
na kila mmoja nikampa jina la uongo, nikamrudisha.
Ndimi huyu huyu
ninayekataa gunia la mtu kwa unyevu wa ncha ya kidole.

Kikopo nimemrudishia mwenyewe.
Daftari liko hapa. Ukurasa wa siku ile
una kumi na moja, imekatwa kwa mstari uliopinda,
na juu yake tisa, inatetemeka.
Ningeweza kuuchana, niandike upya, uwe safi.
Nimeuacha.
Kila msimu karani wa shamba huuliza,
"Hapa palikuwa na nini?"